MTOTO ALIYELIA USIKU MADINA, NA WATOTO WETU WANAOSINZIA DARASANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa ya leo ni ndefu. Asiye na nafasi sasa aiweke, aisome baada ya Isha kwa utulivu. Ni darsa ya historia, lakini mwisho wake ni ombi, kwa Serikali yetu na kwenu nyinyi mnaosoma.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana anayetaka kunasihi watu aanze na nafsi yake.

Chuoni kwetu hapa Michenzani tuna darasa la watoto wadogo, wa miaka minne na mitano. Asubuhi wanasoma alifu na hesabu, wanaimba, wanacheza. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kila ikifika saa nne kichwa kinaanguka juu ya mkeka. Mwalimu akamwamsha leo, akamwamsha kesho. Siku ya tatu nikamwita mama yake. Nikamsemesha kwa ukali, nikamwambia, "Mwanangu, mtoto huyu mnamlaza saa ngapi? Mcheni Mungu, mtoto si wa kukesha na televisheni." Yule mama akainamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, hakeshi. Jana tumekula magharibi, muhogo wa chumvi. Asubuhi nimemtoa na chai ya rangi. Baba yake hajapata kazi wiki ya pili hii."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mimi nimesimama juu ya mimbari mara ngapi nikisoma Suratul Maun, sura inayomkemea anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini, na maskini mwenyewe yuko juu ya mkeka wangu, nami nalaumu usingizi wake.

Usiku ule nikafungua vitabu. Nikakuta kosa langu lilishawahi kumpata mtu mbora kuliko mimi kwa daraja zisizohesabika. Tofauti ni alilolifanya yeye baada ya kulijua.

1. USIKU WA SAYYIDNA UMAR

Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mungu amridhie, ndiye aliyepanga Diwani, yaani daftari la watu wanaopokea kutoka Baitul Mali. Wanahistoria wengi wanaliweka jambo hili karibu na mwaka 20 Hijria. Kila mtu jina lake liliandikwa na fungu lake likajulikana. Kwa upande wa watoto aliweka sharti: anaandikwa aliyekwishaachishwa ziwa. Anayenyonya bado, chakula chake kiko kwa mama yake. Ukiitazama juu juu, ni sheria yenye akili.

Ibn Saad na wengine wamepokea kwamba usiku mmoja ulifika msafara wa wafanyabiashara, wakatua nje kwenye uwanja wa kuswalia. Umar akamchukua Abdurrahman bin Auf wakaenda kuwalinda. Katikati ya usiku akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Mungu na amtazame mwanawe, akarejea mahali pake. Mtoto akalia tena. Akaenda tena. Mwisho wa usiku kilio kikazidi, Umar akamlaumu yule mama kwamba ni mama mbaya, mwanawe hatulii. Mama hakumjua anayesema naye. Akamjibu kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa, naye hataki. Akaulizwa kwa nini. Akasema kwa sababu Umar hamwandikii mtoto mpaka aachishwe. Kumbe mtoto bado ni wa miezi.

Inapokewa kwamba Umar aliposwalisha Alfajiri watu hawakuweza kusikia vizuri kisomo chake kwa kilio. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu wote, akihofia ni watoto wangapi wa Waislamu wamekufa kwa sababu ya sharti lake. Kisha akaamuru mpiga mbiu atangaze: msiwaharakishe watoto kuacha ziwa, kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu anaandikiwa fungu lake. Akaandika barua kwa magavana wa miji yote.

Ndugu zangu, tusipite hapa mbio.

Kwanza, hakumpa yule mama dirham chache akaondoka. Angeweza. Ingekuwa sadaka na angepata thawabu. Lakini alitambua kwamba nyuma ya mama huyu mmoja wako maelfu asiowasikia, na tatizo lao ni kanuni ya dola. Akabadilisha kanuni.

Pili, hakusema alete ushahidi kwamba ni maskini. Fungu liliwekwa kwa kila mtoto. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi wote waliandikwa, na mama hakulazimika kusimama mbele ya karani aeleze aibu ya nyumba yake.

Tatu, Umar hakusema kulea ni kazi ya wazazi, Baitul Mali haihusiki. Na hakuna aliyekuwa mkali juu ya mali ya umma kuliko yeye.

Ipo pia habari ya mwaka wa Ramada, mwaka 18 Hijria, ukame ulipoikumba Hijazi mpaka ardhi ikawa kama majivu. Umar alimwandikia Amru bin al-As na magavana wengine, misafara ya chakula ikaja, vyungu vikapikwa kwa jamaa nzima, na yeye mwenyewe akajizuia samli na nyama mpaka watu washibe. Hilo lilikuwa la dharura. Lile la watoto halikuwa la dharura, lilikuwa la kudumu. Dini yetu inayajua yote mawili, wala haichanganyi moja na jingine.

2. SUPU YA QUDS

Waislamu hawakuyaacha mambo haya yafe na Umar. Waliyabeba kwa njia ya wakfu. Mfano mmoja ambao bado uko hai ni takiya ya Quds. Mwaka 1552 mke wa Sultan Suleiman wa dola ya Uthmaniya, anayejulikana kwa jina la Haseki Hürrem Sultan, aliweka wakfu jiko kubwa katika mji wa Quds. Mapato ya vijiji na mashamba kadhaa yalifungwa kwa kazi hiyo, na waraka wa wakfu ukaeleza nini kipikwe na nani apewe. Karne zimepita, dola ile imeanguka, watawala wamebadilika, na jiko lile limeendelea kugawa chakula mpaka zama zetu. Kule Al-Khalil nako iko takiya ya Nabii Ibrahim, yenye sifa hiyo hiyo.

Nini kimelifanya jiko lidumu hivyo? Nia njema peke yake haitoshi, nia njema wanayo watu wengi. Lilidumu kwa sababu lilikuwa na mapato maalumu, mpishi anayelipwa, mwangalizi na daftari. Chakula kinachotegemea huruma ya siku kinakwisha huruma inapopoa.

3. KWETU UNGUJA

Sasa turudi nyumbani.

Wazee wetu walizijua wakfu. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe na mashamba ya karafuu na minazi yaliwekwa wakfu kwa misikiti, kwa kisomo, kwa futari ya Ramadhani. Leo tuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kwa hiyo mlango huu haujafungwa.

Na wazee wetu wanajua vilevile kwamba Serikali ikitaka, mkono wake unafika mpaka ndani ya chungu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukija kutoka huko ulikatika. Serikali ya kikoloni ikaweka mgao, na mgao ukafuata kabila la mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukawa na mgao wetu wenyewe wa mchele, unga na sukari, na mama zetu wanazikumbuka foleni zake. Sitaji haya kufungua vidonda. Nasema tu kwamba chakula hakijawahi kuwa jambo la jikoni peke yake. Siku zote kimekuwa pia jambo la dola.

Na dola hiyo hiyo imefanya mema makubwa. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure. Mtoto wa mkulima wa Makunduchi na mtoto wa mchukuzi wa bandarini wakakaa dawati moja. Haya majumba yetu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa ramani na msaada wa Ujerumani Mashariki, watu walipewa wakae bila kununua. Waliosema haiwezekani walikuwepo siku zile pia.

Kwa watoto wadogo nako tulipiga hatua. Katika miaka ya 1980 masheikh na wazee wa Mombasa waliona watoto wa Kiislamu wanaachwa nyuma wanapoingia skuli, kwa hiyo ukaanzishwa mpango wa madrasa za awali kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, mwaka 1993 Uganda. Wanawake wa mitaani na vijijini walifunzwa ualimu, chuo kikawa na vitabu na michezo pamoja na Kurani. Na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaiingiza elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya msingi ya lazima.

Tazameni basi safari ilipofikia. Tumemfungulia mtoto mlango wa darasa. Tumempa mwalimu. Tumesema ni lazima aje. Tumbo lake tumeliacha mlangoni.

Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba kiasi cha robo ya watoto wa Zanzibar walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu wana upungufu wa damu. Kudumaa si ufupi wa kurithi. Ni mwili na akili kukosa walichohitaji katika miaka ambayo hairudi. Na tumbo la mtoto wa miaka minne ni dogo, haliwezi kuweka akiba kama letu. Lazima lijazwe mara kwa mara kwa siku. Ukimtoa saa moja asubuhi kwa chai ya rangi na kumrudisha saa sita, umemfungisha saum ambayo Mungu hakumfaradhishia.

Mwenye mia mbili mfukoni anakwenda kununua nini mlangoni mwa skuli? Malai, ubuyu wa rangi, chipsi za pakiti. Asiye nayo anamwangalia mwenzake.

4. WENZETU WAMEFANYAJE

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni ndoto ya maalim wa chuo.

Uingereza ilitunga sheria ya chakula cha watoto skulini mwaka 1906, baada ya kuona vijana wake wengi waliotaka kwenda vita vya Makaburu hawafai kwa udhaifu wa mwili. Marekani, pamoja na sifa yake ya kila mtu kujitegemea, tangu mwaka 1968 serikali yake inalipia milo katika vituo vya kulelea watoto wadogo.

India, ambayo uchumi wake haukuwa wa kitajiri, ilianzisha tarehe 2 Oktoba 1975 mpango wa vituo vya watoto wa chini ya miaka sita, vinavyoitwa anganwadi. Mtoto anapata chakula, chanjo na masomo ya awali mahali pamoja, karibu na nyumba yao. Na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru watoto wa skuli za msingi za serikali wapewe chakula kilichopikwa. Kikawa haki anayoweza mtu kuidai.

Tuje karibu zaidi. Mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983, Serikali ya Tanzania pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha kutoka Italia, waliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, wanakijiji wenyewe wakakaa kuyajadili matokeo, na vikawepo vituo vya kuwalisha watoto wakati mama wako shamba. Wakarudisha na ujuzi wa kimea: nafaka inaoteshwa, inakaushwa, inasagwa, na kijiko chake kikitiwa katika uji mzito uji unalainika, hivyo mtoto anakula unga mwingi zaidi katika bakuli lile lile dogo. Katika miaka michache utapiamlo mkali ulishuka kwa kiasi kikubwa sana. Hakukuwa na dawa ya miujiza. Kulikuwa na mizani, uji na watu waliokaa kitako kuulizana kwa nini mtoto wa fulani hakui.

Kenya ina mafunzo mawili. La kwanza ni maziwa ya Nyayo. Mwaka 1979 Rais Moi alitangaza maziwa ya bure kwa watoto wa skuli za msingi, na watu wazima wa leo wanayakumbuka kwa mapenzi. Lakini gharama na usimamizi viliuelemea mpango, na kufikia miaka ya 1990 ukafifia. Funzo la pili ni la juzi. Mwezi Juni 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza Dishi na County: majiko makubwa yanapika, chakula kinasambazwa kwa skuli za msingi na za chekechea za umma, na mzazi anachangia shilingi tano tu za Kenya, nyingine zinabebwa na kaunti na washirika wake. Mpango mmoja ulipoa na mwengine uko jikoni. Tujifunze kwa wote wawili.

5. MASUALI NINAYOULIZWA

Nimelisema jambo hili barazani na msikitini, na masuali yamekuwa matatu.

La kwanza: "Maalim, kulisha mtoto ni wajibu wa baba." Kweli kabisa, na sheria haimsamehe baba mzembe. Lakini kusomesha mtoto nako ni wajibu wa baba, mbona tulishukuru Serikali ilipotoa elimu bure? Wajibu wa baba hauondoki kwa uji wa saa nne. Atabaki na chakula cha mchana, cha usiku, nguo, dawa na kodi.

La pili: "Serikali haina fedha." Nawakumbusha wazee wetu. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pencheni Jamii, shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, kutoka mfuko wa Serikali yenyewe, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Baadae ikapandishwa mpaka 50,000. Hiyo ni sunna ya Umar kwa macho yetu. Abu Yusuf, kadhi wa Harun al-Rashid, amepokea katika Kitab al-Kharaj kwamba Umar alimkuta mzee kipofu, Myahudi, anaomba mlangoni, akamwandikia fungu kutoka Baitul Mali. Umar aliwaandikia wazee na akawaandikia watoto. Sisi tumeshika nusu ya kwanza, na tunastahiki pongezi. Imebaki nusu ya pili.

Na wasiosema hakuna fedha husema waachiwe wafadhili. Jamani, mwaka 2025 tumeona kwa macho yetu Marekani ikifunga shirika lake la misaada, na miradi katika nchi nyingi ikasimama. Kama bakuli la mtoto wako limeshikwa na mtu wa mbali, siku akiondoa mkono litaanguka.

La tatu ndilo gumu: "Fedha zitaliwa." Siwezi kusema hofu hii haina msingi, wote tunaishi hapa. Lakini dawa ya wizi ni ulinzi, kama tulivyo na mabomba yanayovuja na hatukusema watu wasipelekewe maji. Takiya ya Quds ilikuwa na mwangalizi na daftari. Na sisi tuweke: kamati ya wazazi inayopokea mchele na kuupima mbele za watu, ubao ukutani unaoandikwa kila siku kilichopikwa na watoto waliokula, sheha na mwalimu kutia saini. Anayeiba unga wa watoto ajue anacheza na mali ambayo Kurani imeifananisha na kula moto tumboni, inapozungumzia mali ya yatima.

6. OMBI LANGU

Kwa waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali: tunaomba fungu la chakula cha watoto wadogo liwe na mstari wake katika bajeti, kila mwaka, lijadiliwe na kukaguliwa. Mlo mmoja wa asubuhi kwa kila mtoto aliyeko skuli ya maandalizi au kituo cha kulelea watoto, vikiwemo vyuo na vituo vya jamii vilivyosajiliwa. Uanzie kwa hao wadogo, maana hao ndio wakati unawapita. Uwe kwa wote, kama fungu la Umar, ili asijulikane nani kwao hakuna.

Kinunuliwe kwetu. Mchele wa Cheju, muhogo, boga, viazi vitamu, kunde, choroko. Dagaa wetu wanaochemshwa na kuanikwa Kama na Mangapwani hujazwa magunia wakapelekwa mpaka Congo, na watoto wetu hapa hawana damu. Bakuli moja la uji wa asubuhi linaweza kumlisha mtoto na kumpa soko mkulima na mama wa dagaa.

Kwa Waislamu wenzangu: tusingoje. Kila msikiti wenye chuo cha watoto uhesabu watoto wake, ujue wanaokuja na njaa, uanze na sufuria moja. Mwenye nyumba au shamba analotaka kuliweka wakfu, na afikirie wakfu wa uji wa watoto, aandikishe kwa Kamisheni ili baada yake warithi wasigombane. Sisi tumeanza, uji wa mtama na sukari kidogo, kwa michango ya wanaoswali hapa. Yule mtoto hasinzii tena, anawasumbua wenziwe kama mtoto anavyopaswa. Lakini nasema wazi: michango ya mwezi huu ilipungua, na wiki mbili tulipika mara tatu tu. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Umar hakutosheka na kutoa sadaka usiku ule, akaenda kuandika barua kwa magavana.

Suratul Insan imewasifu watu wanaolisha maskini, yatima na mateka kwa kumpenda Mungu, hawataki malipo wala shukrani. Mtoto wa miaka minne hawezi kukulipa na hajui kukushukuru. Hawezi kupiga kura wala kuandamana. Anachojua ni kulia, na akichoka kulia analala. Tusiufanye usingizi wake kuwa utulivu.

Ewe Mola wetu, uliyewalisha Makureshi wakati wa njaa na ukawapa amani wakati wa hofu, washibishe watoto wetu, wape viongozi wetu moyo wa Umar, na usituhesabu pamoja na waliosikia kilio wakamlaumu mama. Amin.

Aliyefikiwa na darsa hii amfikishie mwengine, hasa mwakilishi wa jimbo lake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.